Sahihi ya Sentimita

Simu iliponiuliza nataka kutumia lugha gani, sikushtuka bado.

Simu ambayo mtu ameitumia miaka sita haiulizi mambo ya lugha. Inafunguka na picha anayoipenda mwenyewe, inakuonyesha ujumbe wa jana ambao haujajibiwa, inakukumbusha hiki na kile. Hii ilikuwa inanipokea kama mgeni. "Karibu," kioo kiliandika, cheupe, kitupu. "Chagua lugha."

Nikachagua. Nikaingiza anwani ya barua pepe ya mwenye simu na neno la siri aliloniachia kwenye kipande cha karatasi, nikakaa nikisubiri vitu vyake virudi. Kimya. Nikazima, nikawasha, nikapekua akaunti yake juu mpaka chini, na mwisho nikaona kilichoandikwa kwa herufi ndogo kabisa: hakuna kilichowahi kuhifadhiwa. Havikurudi kwa sababu havikuwahi kwenda popote.

Naomba nieleweke tangu mwanzo. Mimi si fundi wa kubahatisha. Nina miaka tisa kwenye kaunta hii, nyuma ya taa hii yenye shingo ndefu. Nimefufua simu zilizotumbukia kwenye ndoo ya kufulia, simu zilizokanyagwa na lori, na moja iliyotafunwa na mbwa mpaka ikawa na alama za meno. Mafundi wanaume wa ghorofa ya juu wakishindwa na kazi huniletea kimyakimya, huku wakijifanya walikuwa wanapita tu. Sisemi haya kwa kujigamba. Au tuseme, najigamba kidogo, lakini ni kweli.

Na kazi ya siku ile ilikuwa nyepesi. Simu ilikuwa nzima, ila imechoka. Kampuni iliyoitengeneza ilishaacha kuiletea mabadiliko, programu zikawa zinaigomea mojamoja. Nikaamua kuing'oa mfumo wake wa zamani na kuiwekea mwingine mpya, mwepesi. Sisi tunaita kuflashi. Ila kabla ya kuweka mfumo mpya sharti ufungue kufuli ya ndani, na ukiifungua, simu inajifuta yenyewe kila kitu. Ndivyo zilivyotengenezwa, ili mwizi asifaidi. Inakuonya kwanza kwa maandishi mekundu, kisha unabonyeza kitufe cha sauti kukubali. Nilibonyeza, kwa sababu mwenye simu aliniambia ameshahifadhi vitu vyake vyote mahali pengine.

"Kimekupata nini? Umekauka hapo kama umepigwa picha," aliniuliza Mama Chaja. Meza yake ya chaja, kava na vioo vya kubandika imegusana na kaunta yangu, na hakuna linalompita.

"Imejifuta."

"Si ndiyo kazi yenyewe? Kila siku si unawaambia watu itajifuta?"

"Alisema amehifadhi. Hakuhifadhi kitu."

"Ni ya nani?"

Nikaifunika simu kwa kiganja. Akanyoosha shingo, akaiona kava ya kijani iliyopasuka pembeni. Aliiuza yeye mwenyewe.

"Mungu wangu! Ya Sentimita?"

Ya Sentimita, ndiyo. Fundi cherehani wa mtaa wa pili, mwenye kidevu cha mtu anayefikiri sana na vidole ambavyo nikivitazama vikipitisha uzi kwenye sindano husahau nilichotaka kusema. Mafundi wenzake wote hupima kwa inchi. Yeye hataki kusikia habari za inchi. Atakwambia inchi inaficha uongo, sentimita haifichi, na atakwambia hivyo hata kama hukumuuliza. Jina likamganda, naye akalipenda. Mara ya kwanza alipokuja kwangu na kioo kilichovunjika, alipima pengo la kioo kwa tepu yake kabla sijafungua droo, akanitajia. Nikapima kwa chombo changu. Alikuwa sahihi. Nilimpenda siku hiyohiyo, ila nilimwacha ahangaike miezi minne.

"Sikiliza, mwanangu," Mama Chaja alisogeza stuli yake. "Mwambie imeungua. Bodi imekufa. Simu zinakufa kila siku, nani atauliza? Jumapili si wanakuja kwenu kuposa?"

"Wanakuja."

"Dada yake si ndiye atakayezungumza na baba yako?"

"Ndiye."

"Basi imeungua."

"Haijaungua, Mama Chaja. Tazama inavyofunguka. Inawaka vizuri kuliko siku iliyotoka kwenye boksi. Kazi niliyoifanya pale ni safi."

"Hapo ndipo unaponichosha! Mchumba anakuponyoka, wewe unasifia kazi."

"Sijawahi kumwambia mteja simu imeungua wakati haijaungua. Nianze na yeye?"

Alinitazama kwa huzuni, kama mtu anayemwona mwenzake anavuka barabara bila kuangalia. "Una kiburi wewe," alisema. "Kitakufanya uozee kwenye hiyo kaunta."

Pengine. Lakini nilikuwa najua kilichokuwa ndani ya simu ile. Sentimita haandiki vipimo. Anasema mkono wenye tepu hauwezi kushika kalamu, kwa hiyo anapopima huiweka simu mezani inamrekodi: kifua tisini na mbili, kiuno sabini na sita, mkono hamsini na nane. Wateja wake wote wa miaka yote walikuwa mle kwa sauti yake. Na mwezi ule walikuwa wameongezeka wauguzi thelathini na wawili. Hospitali ilimpa kazi ya kushona sare zao, kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata, na wauguzi kwa sababu ya zamu zao walimchukua wiki tatu kuwapima. Huyu katoka usiku, yule kaingia mchana, mwingine likizo. Kitambaa kilishanunuliwa. Nguo zilitakiwa baada ya siku kumi na moja.

Dada yake ndiye aliyeitafuta kazi hiyo, akaisotea mlango kwa mlango. Na dada yake hanitaki.

Nilivuta droo, nikatoa daftari langu.

Daftari hili lina jalada gumu na kila mteja wa kuflashi hupita humo. Anaandika kwa mkono wake mwenyewe: "Nimehifadhi vyangu vyote. Fundi afute." Kisha anaweka sahihi. Kisha, na hili ndilo la muhimu kuliko sahihi, namkalisha kwenye stuli mbele yangu namwambia, "Nionyeshe." Afungue mwenyewe kule alikohifadhi, nione kwa macho. Simgusii picha, simsomei ujumbe. Baba yangu alikuwa fundi redio, na alinifundisha kwamba kitu cha mtu kikiwa mezani kwako unatengeneza kilichoharibika tu, mengine hayakuhusu. Sichungulii. Miaka tisa sijamchungulia mtu.

Sentimita alikuja asubuhi ile anakimbilia hospitali kumalizia kitu fulani. Nikamuuliza, "Umehifadhi?" Akacheka, "Mimi mtoto?" Akaandika, akaweka sahihi yake ile ndefu yenye mkia kama uzi uliokatika. Na mimi sikumwambia anionyeshe. Nilifungua mdomo nikaufunga. Niliogopa atadhani namchunguza, nataka kujua nani anamwandikia na anamwandikia nini. Nilitaka anione mwanamke asiyechungulia.

Wateja wote nawaambia. Yeye sikumwambia. Hilo lilikuwa kosa langu na nililijua vizuri nilipokuwa naifunga kaunta saa nane mchana, simu mfukoni na daftari kwapani.

"Unakwenda wapi na hilo daftari?" Mama Chaja aliuliza.

"Kwa Sentimita."

"Ahaa!" Uso ulimchangamka. "Sahihi yake imo humo! Mfungulie dada mtu asome, yaishe!"

Sikumjibu. Kusema kweli sikuwa najua nalichukulia nini.

Duka la Sentimita lina vyumba viwili. Cha mbele ndipo anapokaa Dada Mkubwa, mezani, chini ya kalenda ya mwaka juzi ambayo hataki ishushwe kwa sababu ina picha ya maua. Cha nyuma kina cherehani mbili, pasi nzito, meza ya kukatia na sanamu la kuvalishia nguo lisilo na kichwa. Kati ya vyumba hakuna mlango, pazia tu, na siku ile lilikuwa wazi. Kitambaa cha wauguzi, cha rangi ya bluu mpauko, kilikuwa kimerundikwa mpaka usawa wa kiuno changu.

Dada Mkubwa alimlea Sentimita tangu wazazi wao walipotangulia. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mdogo wake sita. Aliuza vitumbua, akafua nguo za watu, akajifunza cherehani, akamfundisha. Namheshimu, na ningempenda kama angeniachia nafasi. Mara ya kwanza tulipotambulishwa aliniangalia suruali yangu ya kazi, yenye mifuko sita, bisibisi zikichungulia kila mfuko, akamuuliza mdogo wake kwa sauti niliyokusudiwa niisikie, "Huyu ndiye aliyekuja kutengeneza umeme?"

"Karibu, fundi," alisema sasa bila kusimama. "Imepona?"

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Imepona?"

Nyuma, cherehani ilikuwa inakimbia. Sentimita aliinua kichwa akanitupia jicho lile la pembeni, jicho la mtu anayeficha tabasamu kwa sababu dada yake yupo. Roho iliniuma. Nikasema yote kwa mara moja, kabla tabasamu halijafika mdomoni.

"Simu imepona. Vilivyokuwa ndani havimo tena."

Cherehani ikanyamaza. Mguu wake ulibaki juu ya kanyagio.

"Havimo vipi?" Dada Mkubwa aliuliza taratibu.

"Vimefutika vyote. Nimevifuta mimi nilipokuwa naweka mfumo mpya. Picha, namba za watu, rekodi. Nimejaribu kila njia ninayoijua, na ninazijua nyingi. Havirudi."

"Na vipimo?"

"Navyo."

"Vya wauguzi?"

"Vyote, Dada."

Alisimama. Si mrefu, lakini akisimama unahisi chumba kimepungua. "Wewe," alimwita mdogo wake bila kugeuka, "umesikia?"

"Nimesikia," Sentimita alisema. Sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine. Alishika kipande cha chaki, akakitazama.

"Nilisema!" Dada Mkubwa akapiga meza. "Nilisema mimi, mkaniona mbaya! Huyu anashinda amekumbatia bisibisi, nyumba ataishika lini? Nikaambiwa, 'Dada, huyu ni fundi hodari, jengo zima hakuna anayemfikia.' Uhodari wenyewe ndio huu? Wiki tatu! Wiki tatu mdogo wangu kasimama kwenye korido za hospitali kama mgonjwa, akisubiri mtu atoke zamu apimwe! Na wewe umekuja hapa umesimama umenyooka kama umeleta zawadi!"

"Nimesimama nilivyozoea kusimama, Dada."

"Unanijibu?"

"Nakujibu kwa adabu. Mimi ni fundi hodari, hilo hakukudanganya. Na leo nimekosea. Yote mawili ni kweli. Ningeweza kusema simu imeungua, msingejua mpaka mnakufa. Nimekuja kwa miguu yangu kusema ni mimi."

Kwa sekunde moja hivi nilimwona akinitazama tofauti, halafu hasira ikamrudia.

"Ulishindwa nini kumuuliza kwanza kama ameviweka pengine? Hata mimi nisiyejua hayo madude ningeuliza!"

Lilikuwa swali la haki, na jibu lake lilikuwa kwapani mwangu. Nililihisi daftari likinipa joto. Ukurasa wa mwisho ulioandikwa, mstari wa chini kabisa. Kulifungua tu.

Nikamtazama Sentimita. Naye alinitazama, safari hii si kwa pembeni. Uso wake ulikuwa umefifia, na macho yake nilikuwa siyajui. Alijua nimeshika nini. Alikuwa anasubiri nilifungue, na nilielewa kwamba nikilifungua hatanilaumu. Lakini ataaibika mbele ya mtu mmoja ambaye maisha yake yote amejitahidi asimwaibishe.

"Nilimuuliza," nilisema.

"Akasemaje?"

"Kuuliza hakutoshi, Dada. Fundi anatakiwa aone kwa macho yake. Wateja wote nawaambia wanionyeshe kabla sijagusa kitu. Yeye sikumwambia. Hapo ndipo nilipokosea, sina pengine pa kulisukumia."

"Na hicho kidaftari?"

"Cha kazi."

"Kina nini?"

"Maandishi ya wateja. Hatusomeani."

Nikalibana zaidi. Najua Mama Chaja angenizaba kofi. Lakini niseme ukweli, sikujisikia mnyonge hata chembe. Nilijisikia mrefu. Kama mwanamume yule angesema, angesema mwenyewe. Kama asingesema, basi nilikuwa nimelijua jambo kubwa kuhusu yeye kabla ya Jumapili, na daftari lisingenisaidia.

"Haya," Dada Mkubwa alivuta pumzi. "Jumapili mwambie baba yako asijisumbue kupanga viti. Hatuji."

Liliniuma. Sitaki kujifanya jabali. Niliona picha ya baba yangu akifuta vumbi viti vyake sita tangu Jumatatu, kimoja baada ya kingine, akipuliza kwenye pembe. Nikaiweka simu mezani taratibu, kioo juu.

"Nitamwambia," nilisema. "Na kesho alfajiri nitakuwa mlango wa hospitali. Zamu ya asubuhi, ya mchana, ya usiku, nitawaomba mmojammoja waje kupimwa tena, nitawaeleza ni mimi niliyefuta. Hilo ni juu yangu, mje au msije. Kwaheri, Dada."

Nikageuka. Sikumtazama Sentimita kwa sababu kama ningemtazama ningelia, na mimi silii dukani kwa watu.

Nilikuwa nimeshagusa fremu ya mlango.

"Usitoke."

Alikuwa amesimama. Kiti chake kilianguka nyuma yake na hakukiokota.

"Dada," alisema, "sikuhifadhi."

"Nini?"

"Sikuhifadhi kitu. Asubuhi aliniuliza umehifadhi, nikasema nimehifadhi. Nikaandika. Nikaweka na sahihi. Iko kwenye hilo daftari, ndiyo maana amelibana hivyo."

Dada Mkubwa alimtazama yeye, akanitazama mimi, akalitazama daftari. "Ulimdanganya?"

"Nilimdanganya."

"Kwa nini, wewe mtoto?"

"Kwa sababu sijui kuhifadhi." Alikuwa anamjibu dada yake lakini anaongea na mimi. "Sijui hata pa kuanzia. Nasikia watu wanasema weka huku, peleka kule, nabonyeza na mimi, sioni kitu. Mtu nimekaa mbele ya mwanamke ambaye simu zinamtii kama watoto wa shule, kila mtu anamwogopa, nimwambie sijui? Nilitaka anione mwanamume anayejua mambo yake."

"Ungeniambia!" Nililipuka. Hasira zote nilizokuwa nimemfichia dada mtu zilimtokea yeye. "Ungeniambia sijui, ningekufundisha kwa dakika tano!"

"Ungenicheka."

"Ningekucheka kidogo! Halafu ningekufundisha!"

"Najua," alisema kwa upole. "Sasa najua."

"Na mimi..." Nikarudi hatua moja kutoka mlangoni. "Na mimi nilitaka kukwambia unionyeshe, nikaona haya. Nikasema utadhani nataka kuona nani anakuandikia."

"Ungeona nini? Ungesikia viuno vya wauguzi, basi."

Dada Mkubwa akakohoa. Tulikuwa tumesahau kama yupo.

"Lete hilo daftari."

Nilisita.

"Mwenyewe keshasema," alisema. "Lete."

Nikampa. Akavaa miwani, akafungua ukurasa wa mwisho, akasoma huku midomo ikimcheza. Alikaa na ule mstari mmoja muda mrefu mno kwa urefu wake.

"Ulikuwa nayo hii muda wote."

"Ndiyo, Dada."

"Mkononi."

"Kwapani."

"Nikakutukana wewe na kazi yako, na hii iko kwapani." Alivua miwani akamgeukia mdogo wake, na sikutamani kuwa yeye. "Na wewe umekaa hapo unatazama chaki. Nimekulea miaka ishirini na mitano nikajua nimelea mwanamume. Leo mwanamume humu ndani alikuwa nani?"

"Nimechelewa, Dada," alisema. "Lakini nimesema."

"Umesema akiwa mlangoni!"

"Nimesema kabla hajatoka."

Dada Mkubwa akavuta kiti. Akakaa. Akalisogeza daftari huku na huku kwenye meza, akanyoosha kona ya ukurasa ambayo haikuwa imekunjika. Nilielewa kwamba alikuwa anatafuta neno fulani na halimjii, kwa sababu hana mazoea nalo. Sikumsaidia. Mimi pia sina mazoea nalo sana.

Mwisho akainuka, akavua tepu iliyokuwa shingoni mwake.

"Njoo hapa. Simama wima. Ah, hilo hufundishwi."

"Kwa ajili ya nini, Dada?"

"Jumapili sitaingia kwa watu nikamkuta wifi yangu amevaa suruali ya mifuko sita. Utashonewa gauni."

Wifi yangu. Alilisema kama analitaja jina la kitu kilichokuwepo siku zote.

"Nazipenda suruali zangu, Dada."

Tulitazamana. Tepu ilikuwa imening'inia kati yetu.

"Basi utashonewa suruali na shati lake," alisema. "Lakini ishonwe na sisi. Hiyo uliyovaa imekatwa na adui yako." Akageuka. "Wewe! Unatazama nini? Mimi napima, wewe andika."

Sentimita alinyoosha mkono kwenye simu, kwa mazoea. Akaurudisha. Akachukua kalamu, akavuta daftari langu, akafungua palepale chini ya sahihi yake ya asubuhi.

"Bega, arobaini," Dada Mkubwa alitangaza. Alipima kwa sentimita. Kumbe ni yeye aliyemfundisha. "Kifua, tisini na nne. Mkono, hamsini na tisa, mrefu, nimeshangaa. Kiuno... usivute tumbo, humdanganyi mtu. Sabini na nane. Nyonga, mia moja na tatu. Mguu, mia moja na tano. Umeandika?"

"Naandika."

"Na kesho alfajiri hospitalini mtakwenda wote wawili. Huyu anapima, wewe, wifi, unaandika, na jioni unamfundisha hicho kitu cha kuhifadhi mpaka akijue. Ukimcheka, mcheke mbele yangu na mimi nicheke."

"Sawa, Dada."

Alizungusha tepu kwenye vidole, akarudi kwenye meza yake chini ya kalenda, akajifanya anapanga vifungo. Sentimita bado alikuwa ameinama. Aliandika kwa muda mrefu kuliko namba zile sita. Kisha akafunika kalamu, akainua uso, na lile tabasamu nililolikatisha nilipoingia likapata njia.

"Nimemaliza," alisema. "Nimeandika vyote."

Nikaweka mikono kiunoni.

"Nionyeshe."

Akacheka, kicheko kilichomtoka mpaka mabegani, akaligeuza daftari likanitazama. Nikasoma taratibu, neno kwa neno, kama ninavyopaswa kusoma kila siku. Juu kulikuwa na uongo wake wa asubuhi, na pembeni yake ameandika upya: "Si kweli. Sikuhifadhi." Chini yake bega langu, kifua changu, mkono wangu mrefu, kiuno nilichotaka kukipunja, nyonga, mguu. Na chini kabisa: "Jumapili saa nne asubuhi. Tutakuja." Sahihi ile ndefu, yenye mkia.

"Nipe na mimi hiyo kalamu," Dada Mkubwa alisema kutoka mezani kwake. Akaja, akamsukuma mdogo wake kwa nyonga, akainama na kuweka sahihi yake chini ya ile nyingine, kubwa mara mbili.